Visu vya Meneja

Kaka yangu hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliponunua mkoba wa ngozi bandia, watu wakalishika kwa kumkejeli, naye akalipokea kwa mikono miwili akidhani anaheshimiwa. Amewahi kuuza mafuta ya nywele yaliyoacha watu na vipara, miavuli iliyoogopa mvua, na saa za mkononi zilizokwenda vizuri mradi usizivae. Kila biashara ilipomfia alituambia kwamba soko halijakomaa.

Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia dukani kwa Shangazi amekumbatia katoni, jasho likimtiririka na tabasamu limefika masikioni, mimi nilisogeza kiti nikae vizuri. Sikutaka kupitwa.

Shangazi anauza bawaba, vitasa, misumari, msasa na visu. Nimefanya kazi naye tangu nimalize shule, na sijawahi kumsikia akisifu bidhaa, hata zile tunazouza. Cha juu kabisa ni, "Hiki kitakuvumilia." Mteja akisikia hivyo ananunua bila kuuliza zaidi. Kwa visu ndiyo usiseme. Mafundi wa mtaa mzima huleta visu walivyonunua kwingine ili tu wasikie vikitukanwa, wengine huja na wenzao waje kucheka.

Lakini dharau yake kwa visu vya kukunja ilikuwa na sababu. Kabla ya duka, alikuwa akikata soli kwenye karakana ya viatu. Siku moja kisu alichopewa kazini kilijikunja katikati ya raba na kumkamata kidole cha kati. Kidole kilipona ila hakikukunjika tena. Mpaka leo akishika kikombe cha chai, kidole kile kinabaki kimesimama wima kama kinamtukana aliyekaa mbele yake, na mara nyingi aliyekaa mbele yake anakuwa amestahili.

Meneja akatua katoni kwenye kaunta, akatoa kisu kimoja, akakilaza juu ya kiganja kama anayeonyesha pete ya uchumba.

"Shangazi, angalia mwenyewe. Sitasema kitu."

Kisha akasema kila kitu. Chuma cha pua. Loki ya usalama. Klipu ya mfukoni. Kifungua chupa. Firimbi ya dharura. Kijino cha kuvunjia kioo ukikwama ndani ya gari. Ubapa ulikuwa na rangi zote za mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi, na mpini ulichorwa ndege fulani ambaye pengine alikusudiwa kuwa tai.

"Hiki ni kisu," Shangazi aliuliza, "au ni sherehe?"

"Ni cha matumizi mengi."

"Haya. Tuanze na tumizi moja."

Alikichukua na kukitikisa karibu na sikio kabla hata ya kukifungua. Kikalia ndani kwa ndani kama punje kwenye kibuyu.

"Kinacheka," alisema. "Chenyewe kinajijua."

Akakigeuza, akachungulia kwa juu kikiwa kimefungwa. Ubapa, badala ya kukaa katikati ya mpini, ulikuwa umeangukia upande mmoja. "Kimeegemea ukuta kama mlevi. Kila ukikifungua makali yanakwaruza chuma. Mwisho wa wiki utakuwa na kijiko." Akakifungua. Ilibidi atumie vidole gumba vya mikono yote miwili, na kikasaga njia nzima. "Na mchanga huu, unakuja nao bure?"

"Kikilainika kitafunguka vizuri," alisema Meneja.

Shangazi akashika ncha kwa vidole viwili, akaisukuma kushoto na kulia. Ncha ikacheza, tik, tik, tik.

"Hiyo ni skrubu tu, Shangazi. Inakazwa."

"Ahaa. Nipe bisibisi." Nikampa. Akakaza. Kisu kikagoma kufunguka kabisa. Akalegeza kidogo, kidogo sana, kikarudi kucheza. "Unaona? Kina tabia mbili, kugoma na kuyumba. Nilishawahi kuajiri mtu wa hivi."

Nilicheka. Meneja alinitazama kwa jicho la kuniuliza niko upande wa nani.

Shangazi akajaribu kukata karatasi. Karatasi ilichanika kwa huzuni. Akainamia makali kwenye mwanga wa mlango akagundua kwamba yamenolewa upande mmoja tu. "Huku wamenoa. Huku wakaitwa kula." Mpaka hapo alikuwa anajifurahisha, hilo nakiri, na mimi nilikuwa nafurahi naye. Lakini alipofika kwenye loki alinyamaza. Ndani ya mpini wa kisu cha aina ile kuna kibamba cha chuma kinachoruka pembeni ukifungua na kuziba nyuma ya ubapa usirudi. Kibamba cha kisu hiki kilikuwa kimegusa ubapa kwa pembe tu, kama mtu anayeshika mlango kwa ukucha. Shangazi akaweka vidole vyake mbali na njia, akageuza kisu, akagonga mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa kaunta. Hakugonga kwa nguvu. Mimi hubisha hodi kwa nguvu zaidi ya ile.

Pap. Kisu kikajifunga.

Alikirudisha ndani ya katoni bila kukitazama.

"Peleka mbali na hapa."

"Shangazi, wewe hata mvua ungesema imelowa vibaya!" Meneja alikuwa ameshavimba. "Watu wa siku hizi wanataka muonekano."

"Basi wauzie picha yake."

"Ukiviweka tu hapo kaunta, jina lako peke yake..."

"Jina langu halina bawaba mbovu. Toka, mwanangu, kuna wateja."

Alitoka na katoni yake. Mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa, na nikajua kwamba jioni angemweleza mama yetu habari hiyo ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha. Sikujua kama angefanya jambo lingine zaidi ya hilo.

Siku chache zilipita. Nilikuwa napima nyaya kwa mteja alipoingia fundi makochi. Karakana yake iko nyuma ya duka letu, ng'ambo ya uchochoro. Ni mtu mnene, mwenye sauti ndogo, na kwa kawaida huongea akiwa na misumari midomoni, kwa hiyo maneno yake huwa machache na ya kupangwa. Siku hiyo mdomo ulikuwa mtupu. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kipande cha kitambaa cha makochi, chekundu cha kuiva, na mimi nilidhani hiyo ndiyo rangi yake mpaka ilipodondoka kwenye kaunta.

"Shangazi," alisema, "nilikuamini."

"Uliniamini kwenye nini?"

Kwa mkono mzima akatoa mfukoni kisu chenye rangi za dimbwi, akakiweka mbele yetu. Tai alikuwa na damu.

"Meneja aliniambia umevipima mwenyewe."

"Nimevipima, ndiyo."

"Akasema umevipitisha. Nikasema, kama vimepita kwa yule mama, mimi ni nani? Nilikuwa natoboa mkanda wa chini ya kiti. Nikasukuma, kikajikunja. Vidole viwili."

Shangazi akatazama kidole chake kile kilichosimama. Nadhani hakujua kwamba anakitazama. Akazunguka kaunta, akamketisha fundi, akamwosha mkono kwa maji safi, akamfunga upya kwa kitambaa cheupe na kukikaza mpaka fundi akakunja uso.

"Nenda zahanati ukashonwe."

"Kwanza Meneja," fundi alisema. "Nikishashonwa hasira itapungua. Sitaki ipungue."

Shangazi akachukua funguo, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko ya mumewe, maana marehemu mwenyewe alimwomba asifunge. Tukaenda watu watatu, yeye mbele.

Hatukumtafuta sana. Meneja alikuwa kwenye kona ya barabara kuu, amesimama juu ya kreti la soda, nguo imetandazwa chini na visu vimepangwa duara kama samaki wa kukaanga. Watu walikuwa wamemzunguka. Sauti yake tuliisikia kabla ya kumwona.

"Vimepimwa! Vimekaguliwa na Shangazi wa duka la bawaba! Mwanamke ambaye hajawahi kupenda kitu chochote, hivi amevipenda!"

Shangazi akapenya katikati ya watu.

"Endelea," alisema. "Na mimi nataka kununua."

Sijui kama umewahi kumwona mtu akishuka bila kushuka. Meneja alibaki juu ya kreti lakini alikuwa amenywea kiasi kwamba alionekana amesimama shimoni.

"Shangazi, shikamoo. Nilikuwa nataka kuja..."

Hakumwitikia. Aliinama, akaokota kisu, akawageukia watu. "Nani amenunua? Wekeni vidole mbali, shikeni mpini kwa nje, hivi. Sasa gongeni mgongo wake kwenye ukuta. Taratibu! Si mnaua nyoka."

Mtu mmoja aliyevaa ovaroli akagonga. Pap. Mwingine, pap. Mama mmoja aliyekuwa amemnunulia mumewe kama zawadi akagonga, kisu chake kikajifunga na firimbi ikakatika ikabiringika mpaka mferejini. Watu wakavunjika mbavu. Shangazi aliokota kimoja baada ya kingine pale chini, akavigonga kwenye kreti, akivitaja. "Hiki hapa ni mlevi. Hiki ni pacha wake. Hiki kina skrubu tatu kati ya nne, ya nne imeenda kutafuta kazi ya heshima. Hiki klipu yake imetoka na kipande cha mpini. Na huyu anayevisifia, mnamjua? Huyu ndiye wa mafuta ya nywele. Nani alipaka? Vueni kofia tuwaone!"

Watu walikuwa hoi. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, na nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikatazama masikio ya kaka yangu. Tangu utotoni akiaibika haonyeshi usoni, masikio ndiyo yanayobadilika, na pale yalikuwa yamesinyaa kama ya mtoto aliyelowa. Nikaacha. Shangazi hakuacha. Alifika kwenye miavuli, akafika kwenye saa, na alikuwa anaelekea kwenye mkoba wa ngozi bandia fundi makochi alipopita mbele, akainua mkono wake. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeshapenyeza damu.

Kicheko kikakatika.

"Kisu chako," alimwambia Meneja kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi nina oda ya viti vya ukumbi mzima."

Meneja akashuka kwenye kreti. "Fundi, mimi sikujua..."

"Ulijua," Shangazi alisema. "Nilikigonga mbele ya macho yako."

Hapo watu wakaanza kudai chao. Yule wa ovaroli, ambaye hakuwa na subira, akashika katoni akaipindua atafute pesa, na badala ya pesa vikaanguka vifurushi vidogo vilivyofungwa gazeti. Kimoja kikafunguka. Kilikuwa kisu pia, ila kibaya cha sura kuliko visu vyote nilivyowahi kuona: kifupi, kinene, mpini mweusi usio na pambo, ubapa wa kijivu kama mvi. Hakina klipu wala firimbi. Hata loki hakina.

"Na hivi je?" mtu aliuliza. "Hivi ndivyo vya kuulia?"

Shangazi akakiokota huku mdomo umeshajipanga. Nilimjua, neno lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi. Akakitikisa sikioni. Kimya. Akachungulia kwa juu. Ubapa ulikuwa katikati. Akatia ukucha, akakifungua, kikafunguka kwa uzito ule ule mwanzo mpaka mwisho, kikatoa mlio mmoja mfupi na kutulia. Akashika ncha, akasukuma kushoto, akasukuma kulia, akasukuma tena kwa nguvu mpaka kidole kikageuka cheupe. Hakuna kilichotikisika. Akapapasa misumari ya mpini iliyopigwa pande zote mbili, haikukwaruza. Akakiinua dhidi ya jua kutafuta upenyo kati ya springi na ubapa. Watu walikuwa wanamngojea aanze. Alikata ukingo wa gazeti, utepe mwembamba ukaanguka.

"Hiki hakijidai kina loki," alisema polepole. "Kina springi tu, na springi yenyewe ni nene. Ukikishika unajua kinaweza kujikunja, unakiheshimu." Akakigeuza, akakigeuza tena. Alikuwa anatafuta kosa kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Mwishowe akasema, "Sura yake mbaya," na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa.

"Hivyo si vya kuuza," Meneja alisema. Alisema kwa aibu, anajitetea. "Ni nyongeza tu. Mwenye ghala aliniwekea bure kwa sababu nilichukua mzigo mkubwa wa hivi vingine. Nilitaka kuvitupa."

Shangazi akamgeukia. Nadhani alikuwa na maneno mengi sana, yakabanana mlangoni, likatoka moja tu.

"Meneja," alisema. Hakuwa amewahi kumwita jina hilo.

Akampa fundi makochi kisu cha kijivu, akamshika kiwiko, akampeleka zahanati mwenyewe. Mimi nilibaki na kaka yangu kuwarudishia watu haki zao.

Kazi ilikuwa kuvikusanya vile alivyokwisha kuuza. Shangazi alimwambia akusanye vyote, kimoja kimoja, na asirudi na maelezo. Alipita karakana kwa karakana na ule mkoba wake. Kwenye gereji walimmwagia maji ya kuoshea vyuma. Muuza matunda mmoja alikataa kurudisha chake, akisema kifungua chupa kinafanya kazi vizuri na kingine chote hakimhusu. Fundi makochi alishonwa, akakosa ile oda ya ukumbi, ikaenda kwa fundi mwingine. Vidole vyake vilipona vikakunjika, ila kimoja mpaka sasa hakisikii baridi wala joto. Meneja alikwenda kumfagilia karakana muda wote aliokuwa na bandeji. Hakuna aliyemtuma. Fundi naye hakumsamehe kwa maneno, alimwonyesha tu ufagio ulipo.

Visu vibaya vya sura tuliviweka kaunta, vikaisha upesi. Meneja alikimbia kwa mwenye ghala kuomba vingine. Akaambiwa havitengenezwi tena, hakuna aliyekuwa anavichagua. Alirudi kutueleza habari hiyo kwa uso wa mtu aliyegundua jambo jipya duniani.

Vile vya rangi Shangazi hakukubali vitupwe vizima, kwa sababu alisema kuna mtu atafukua jalalani ajikate. Kwa hiyo alasiri moja mimi na kaka yangu tulikaa uani nyuma ya duka, jiliwa imefungwa kwenye benchi, tukawa tunabana ubapa na kuuvunja kwa nyundo. Vilivunjika kwa urahisi wa kuudhi. Shangazi alikuwa mlangoni na chai yake, anamkosoa Meneja anavyoshika nyundo.

"Niseme kitu?" Meneja alisema, bila kuinua macho. "Siku ile ungenieleza kwamba kitakata mtu, nisingeviuza."

"Nilikueleza!"

"Hukunieleza. Ulisema kinacheka. Ulisema mlevi, ulisema sherehe, ulisema kijiko. Shangazi, wewe unasema hivyo kuhusu kila kitu. Unasema hivyo kuhusu mkate. Nilidhani ni maringo yako ya kila siku."

Nilisubiri radi ipige. Shangazi alikunywa chai. Akatazama lile rundo la ubapa uliovunjika, rangi zake zikimeta juani kipumbavu.

"Nilikigonga mbele yako," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Ulikigonga, ndiyo. Nami nikadhani unanionea." Akapiga nyundo. "Si kwamba najitetea. Kosa ni langu. Nasema tu nilichosikia."

Shangazi akageuka. Aliingia ndani, na kwa muda mrefu tulimsikia akihamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa.

Asubuhi iliyofuata alikuja kijana mmoja dereva, kanunua kisu cha kukunja mjini, anataka kisomewe hukumu. Alikuwa amekuja na wenzake wawili, tayari wanacheka. Kisu kilikuwa cha dhahabu bandia na fuvu la kichwa kwenye mpini. Mimi nilikitazama tu nikaona vicheko vya wiki nzima.

Shangazi akakitikisa, akachungulia, akakifungua, akakigonga mgongo. Pap. Akakirudisha mkononi mwa yule dereva, akafunika kiganja chake kwa mkono wake.

"Loki yake haishiki," alisema. "Kitakukata vidole. Usikitumie, kirudishe leo."

Wale vijana walingoja. Hakuongeza kitu. Wakatazamana, vicheko vikawaishia, dereva akakifunga kisu kwa uangalifu kama kitu kilicho hai, akashukuru, wakaondoka.

Shangazi akasubiri mpaka walipokata kona. Kisha akanigeukia, akavuta pumzi, akaegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili.

"Umeliona lile fuvu?" alisema. "Yule marehemu alikufa kwa aibu," na hakunyamaza mpaka saa ya kufunga.